Dawa ya Ujana: Ombi la Mfalme Kimweri na Sindano za Siku Hizi

Juma lililopita tulizungumza habari za reli ya Tanga, jinsi ilivyokuja mpaka Mombo, chini ya milima. Leo twaacha reli pale Mombo, nasi twapanda mlima kwenda Usambara.

Somo la leo lahusu swali ambalo kila mwenye wazee nyumbani amepata kujiuliza. Je, iko dawa ya kumrudishia mtu ujana? Siku hizi watu huulizana swali hili kwa sababu ya sindano zinazotangazwa katika simu na katika magazeti. Lakini swali lenyewe ni la kale, na hapa Usambara limeandikwa katika historia.

Walimu wa madarasa, tafadhali andikeni ubaoni miaka hii minne: 1857, 1889, 1922 na 1990. Wanafunzi nao waiandike katika madaftari yao. Kila tutakapofika kwenye mwaka mmoja, uwekeeni alama.

Kwanza: Ombi la Vuga, mwaka 1857

Mji wa Vuga, si mbali na Soni, ulikuwa mji mkuu wa wafalme wa Wasambaa. Wafalme hao walikuwa wa ukoo wa Kilindi, uzao wa Mbegha. Katikati ya karne ya 19 aliyetawala ni Kimweri ye Nyumbai, naye alitawala miaka mingi sana. Nguvu yake ilishuka milimani ikafika mpaka pwani ya Tanga na Pangani. Watu walimwita Simba Mwene.

Mwezi wa Februari mwaka 1857 walifika Vuga Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke. Walikuwa wametoka pwani kwa njia ya Pangani, kabla ya safari yao kubwa ya kwenda Ziwa Tanganyika. Walipoingizwa nyumbani kwa mfalme, walimkuta mzee sana, amedhoofika, amelala kitandani. Kimweri alikuwa ameambiwa kwamba wageni hawa ni watu wanaojua habari za miti, mawe na nyota. Basi akawaagiza wamtengenezee dawa ya kumrudishia afya, nguvu na ujana, na jioni ile ile.

Burton akajibu kwamba dawa zake zimebaki Pangani. Mfalme hakukata tamaa. Aliwaambia wanaweza kutembea vilimani wakatafute majani yanayohitajika. Wageni wakaondoka Vuga bila kuacha dawa ya namna hiyo. Kimweri alikufa mwaka 1862.

Hapa nataka tusimame kidogo. Habari hii twaipata kwa Burton, aliyeiandika katika vitabu vyake, na Burton aliandika kwa dharau juu ya watu wengi wa nchi hizi. Kimweri mwenyewe hakutuachia maandishi. Kwa hiyo tusome maneno ya mgeni kwa uangalifu, kama tusikilizavyo shahidi wa upande mmoja katika baraza.

Lakini hata tukisoma kwa uangalifu, ombi la mfalme si jambo la kuchekwa. Kwa Wasambaa wa zamani, mfalme ndiye mwenye mvua. Walikuwa na maneno mawili: kuzifya shi, maana yake kuitengeneza nchi, na kubana shi, maana yake kuiharibu nchi. Mfalme mwenye nguvu, asiye na mpinzani, aliweza kuitengeneza nchi. Wakubwa waliposhindana, nchi iliharibika, na njaa ikaingia. Na ndivyo ilivyotokea. Kimweri alipokufa, watu wa ukoo wake walipigania ufalme miaka mingi, na Wasambaa wengi walitekwa wakauzwa utumwani. Basi mzee yule alipoomba nguvu, si kwa ajili ya mwili wake tu. Alikuwa na nchi nzima mabegani.

Sasa jiulizeni: kama sanduku la dawa la Burton lingalikuwa Vuga siku ile, lingalimsaidia Kimweri? Lisingalimsaidia. Mwaka 1857 madaktari wa Ulaya walikuwa na kwinini kwa homa ya malaria, na chanjo ya ndui. Hawakujua bado kwamba vijidudu ndivyo viletavyo magonjwa mengi, wala hawakujua habari za homoni. Mbele ya uzee, mgeni na mwenyeji walikuwa sawa.

Pili: Gome la Amani

Miaka 45 baadaye, mwaka 1902, Wadachi walifungua kituo cha utafiti wa mimea pale Amani, Usambara ya Mashariki. Walipanda miti ya namna nyingi kutoka nchi za mbali, na mmojawapo ni mti wa kwinini, ambao asili yake ni Amerika ya Kusini. Wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, meli za Waingereza zilizuia dawa zisiingie nchini. Majeshi ya Wadachi yakapata kwinini kutokana na magome ya miti ya Usambara.

Kwa nini nawaambia habari za kwinini katika somo la ujana? Kwa sababu kwinini yatufundisha mambo mawili. Jambo la kwanza, faida yake hupimika. Mgonjwa ana homa, anapewa dawa, homa inashuka, na damu yake ikitazamwa kwa darubini vijidudu vimepungua. Jambo la pili, kwinini humezwa. Ni kali mdomoni, lakini tumbo haliiharibu. Kumbukeni sana jambo hili la pili, maana tutalirudia.

Tatu: Mzee wa Paris, mwaka 1889

Sasa twavuka bahari, lakini tutaanzia katika Bahari ya Hindi. Katika kisiwa cha Mauritius, mjini Port Louis, alizaliwa mwaka 1817 mtoto aliyeitwa Charles-Édouard Brown-Séquard. Alikua akawa daktari na mtaalamu mkubwa wa mishipa ya fahamu, akafundisha Marekani na Ufaransa.

Mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka 72, alisimama mbele ya wataalamu wenzake mjini Paris. Aliwaambia kwamba alijidunga sindano ya maji yaliyokamuliwa katika korodani za mbwa na wanyama wengine wadogo. Alisema amepata nguvu tena, na aweza kufanya kazi kwa saa nyingi kama zamani.

Habari zikaenea upesi. Wafanyabiashara wakaanza kuuza maji ya namna hiyo kwa majina ya kuvutia. Lakini sayansi ya baadaye ilionyesha kosa lake. Kitu alichokitafuta, yaani homoni ya kiume, hakiyeyuki vizuri katika maji, basi ndani ya sindano yake kilikuwa kidogo mno. Nguvu aliyoisikia ilitokana na matumaini yake. Brown-Séquard alikufa mwaka 1894, miaka mitano tu baada ya hotuba ile.

Tusimdharau, lakini. Wazo lake moja lilikuwa kweli: kwamba viungo vingine vya mwili humwaga katika damu vitu vidogo vinavyoamrisha viungo vingine. Vitu hivyo ndivyo tuitavyo homoni. Kosa lake lilikuwa kujipima yeye mwenyewe, peke yake, kwa namna alivyojisikia. Mtu anayetumaini sana hawezi kuwa mizani ya dawa yake.

Nne: Kijana wa Toronto, mwaka 1922

Kabla ya mwaka 1922, mtoto aliyepata ugonjwa wa kisukari alikuwa kama amehukumiwa kufa. Alikula, lakini chakula hakikumfaa. Alikunywa maji mengi, akakojoa sana, akakonda mpaka akabaki mifupa.

Katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada, daktari Frederick Banting na msaidizi wake Charles Best walitafuta dawa katika kongosho. Kongosho ni kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Walifanya kazi katika maabara ya Profesa John Macleod, na mtaalamu mwingine, James Collip, akawasaidia kuisafisha dawa.

Tarehe 11 Januari 1922 walimdunga kijana mmoja, Leonard Thompson, mwenye umri wa miaka 14, aliyekuwa karibu kufa. Sindano ya kwanza haikufaa, maana dawa haikuwa safi. Collip akaisafisha tena. Tarehe 23 Januari wakamdunga mara ya pili, na sukari katika damu yake ikashuka. Kijana yule akaishi miaka 13 zaidi, mpaka 1935. Dawa hiyo ndiyo insulini.

Angalieni tofauti kati ya Paris na Toronto. Mzee wa Paris alisema, "Najisikia nina nguvu." Madaktari wa Toronto walipima sukari katika damu na mkojo, wakaandika hesabu. Na tena, kijana alikuwa amepungukiwa kitu kinachojulikana. Dawa ilikuja kujaza pengo.

Tano: Ushanga na uzi

Sasa tujifunze neno jipya: peptaidi. Semeni pamoja: pe-pta-i-di.

Peptaidi ni nini? Fikirini ushanga. Mwili wetu una punje ndogo sana ziitwazo asidi za amino. Punje hizi hutungwa moja baada ya moja, kama shanga katika uzi. Uzi ukiwa mfupi, huitwa peptaidi. Uzi ukiwa mrefu sana, aghalabu huitwa protini. Insulini ina punje 51, zilizotungwa katika nyuzi mbili, moja ya punje 21 na nyingine ya punje 30. Aliyegundua mpango huo ni Mwingereza Frederick Sanger, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1958.

Mama zangu, peptaidi nyingine mwaijua, ingawa pengine hamkuambiwa jina lake. Mwanamke akijifungua hospitalini au zahanati, mara nyingi hudungwa sindano ili mji wa mimba ukaze na damu isitoke nyingi. Dawa hiyo huitwa oksitosini. Ni uzi mfupi wa punje 9 tu. Mmarekani Vincent du Vigneaud aliitengeneza katika maabara mwaka 1953. Uzi huo wa punje tisa umewaokoa akina mama wengi.

Basi sasa turudi kwenye jambo lile la Amani. Kwinini humezwa, kwa nini insulini haimezwi? Kwa sababu tumbo letu kazi yake ni kukata nyuzi hizi. Ukila nyama au maharage, tumbo hukata protini kuwa punje, ili mwili uzitumie. Ukimeza insulini, tumbo huikata vile vile, nayo hugeuka kuwa chakula. Kwa hiyo dawa nyingi za peptaidi huja kwa sindano, na zile chache za kumeza zimehitaji ufundi mkubwa. Mtu akikuuzia peptaidi ya kunywa kwenye chupa, kumbuka tumbo lako na kazi yake.

Kuna ajabu moja, nayo yatoka Afrika. Katika nchi ya Kasai, huko Kongo, wanawake walikuwa na dawa ya majani iitwayo kalata-kalata. Waliichemsha wakainywa ili kuharakisha uzazi. Daktari mmoja wa Norway, Lorents Gran, alikuwa akifanya kazi huko katika miaka ya 1960, akaichunguza. Alikuta ndani yake peptaidi ambayo haikuharibika kwa kuchemshwa. Mwaka 1995 wataalamu walieleza sababu. Uzi wake wa punje 29 umefungwa mduara, hauna mwanzo wala mwisho, tena umekazwa kwa vifundo vitatu. Tumbo halipati pa kuanzia kukata. Wakunga wale walijua kazi ya jani kabla ya maabara kujua umbo lake. Lakini dawa ile ilikuwa na hatari pia, maana ikizidi, mji wa mimba hukaza kupita kiasi. Basi hata dawa ya kweli yataka kipimo.

Sita: Wanaume 21, mwaka 1990

Katika kichwa cha mtu, chini ya ubongo, kuna tezi ndogo kama punje ya njegere. Humwaga homoni ya ukuaji. Homoni hii ni uzi mrefu wa punje 191. Mtoto asiyekuwa nayo hubaki mfupi. Zamani madaktari waliitoa katika vichwa vya maiti wakawadunga watoto wafupi. Wengi walikua vizuri. Lakini mwaka 1985 iligunduliwa kwamba baadhi ya dawa hiyo ilibeba ugonjwa mbaya wa ubongo. Katika nchi mbalimbali, kwa miaka iliyofuata, watu zaidi ya 200 waliugua. Ndipo ikaanza kutumika homoni iliyotengenezwa kiwandani, isiyotoka kwa maiti.

Mwaka 1990 daktari wa Marekani, Daniel Rudman, alitangaza jaribio lake. Alichukua wanaume 21, wenye umri wa miaka 61 hadi 81. Wanaume 12 walidungwa homoni ya ukuaji mara tatu kwa juma, kwa miezi sita. Wengine 9 hawakupewa kitu. Wale waliodungwa, mafuta ya mwili yalipungua kwa asilimia 14, na sehemu isiyo mafuta ikaongezeka kwa karibu asilimia 9.

Wauzaji walisoma habari hii wakashangilia. Katika miaka ya 1990 zikafunguliwa Marekani kliniki za kile waitacho tiba ya kutunza umri. Mtu mwenye fedha aliingia, akapimwa damu, akaanza kudungwa. Lakini hesabuni wenyewe: wanaume 21, wanawake hakuna, miezi sita tu. Na je, waliopungua mafuta waliishi zaidi? Walitembea vizuri zaidi? Jaribio lile halikusema hivyo.

Mwaka 2007 wataalamu walikusanya majaribio mengi ya homoni hiyo kwa wazee wenye afya. Waliona mwili hubadilika kidogo, lakini madhara huongezeka: kuvimba, maumivu ya viungo, ganzi mikononi. Walisema haifai kutumiwa kama dawa ya kuzuia uzee. Sheria ya Marekani nayo haikuruhusu igawiwe kwa kazi hiyo.

Sasa linganisheni na jaribio jingine. Iko peptaidi nyingine, semaglutaidi, ambayo iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa wagonjwa wa kisukari. Ukoo wake wa dawa una historia ya ajabu, maana dawa yake ya kwanza, ya mwaka 2005, ilitokana na mate ya mjusi mwenye sumu wa majangwa ya Marekani na Mexico. Mwaka 2023 yalitangazwa majibu ya jaribio la watu 17,604, wanene, wenye ugonjwa wa moyo au mishipa, wasio na kisukari. Nusu walipewa dawa, nusu walipewa sindano isiyo na dawa, wala hawakujua ni ipi. Waliopewa dawa walipata vifo vya moyo, shtuko la moyo na kiharusi kwa asilimia 20 pungufu kuliko wenzao.

Wanafunzi wa hesabu, andikeni namba hizi mbili, moja chini ya nyingine: 21 na 17,604. Zote mbili huitwa jaribio. Lakini ya kwanza ni kama kuonja chumvi kwa ncha ya ulimi, na ya pili ni kama kulisha kijiji kizima.

Tusiseme basi kwamba peptaidi ni uongo. La hasha. Insulini ni kweli. Oksitosini ni kweli. Tangu mwaka 2002 iko peptaidi ya kuimarisha mifupa ya wazee iliyo dhaifu sana. Zote hizi hutibu ugonjwa wenye jina. Lakini nyingine huuzwa kwa jina la ujana, na majaribio yake mengi yamefanywa kwa panya. Mathalan iko moja iitwayo BPC-157, inayosifiwa kuponya mishipa na viungo. Mwaka 2023 idara ya dawa ya Marekani iliitia katika orodha ya vitu vyenye wasiwasi wa usalama, visivyofaa kuchanganywa katika maduka ya dawa.

Saba: Sisi wa Lushoto

Mtu ataniuliza: "Mwalimu, kliniki hizo ziko Marekani. Sisi zatuhusu nini?"

Zatuhusu kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni kisukari. Katika miaka ya 1980 Dokta Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walipima watu katika vijiji sita vya Tanzania. Waliopatikana na kisukari hawakufika hata 1 katika kila 100. Mwaka 2012 nchi ilipima watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, wa mijini na wa vijijini, ikapata karibu 9 katika kila 100. Vipimo hivi viwili havilingani kwa kila jambo, maana umri na mahali ni tofauti. Lakini njia yaonekana wazi: ugonjwa umekuwa mkubwa. Basi peptaidi iliyo ya lazima kwetu ni insulini, wala si sindano ya ujana.

Mgonjwa wa insulini ana kazi ya kila siku. Chupa isiyofunguliwa hutunzwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na isigande, maana ikiganda imeharibika. Pasipo na jokofu, chungu cha udongo chenye maji husaidia kupunguza joto. Mwulizeni mwuguzi namna ya kukitumia. Hali ya baridi ya milima yetu hutusaidia, lakini mtu akishuka Mombo au Korogwe akumbuke jua la huko. Tena wako waliouliza kama insulini yatoka kwa nguruwe. Zamani ilitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Lakini tangu mwaka 1982 iko insulini inayotengenezwa kwa vijidudu viwandani, mfano wa ile ya binadamu, na ndiyo inayotumika sana siku hizi.

Sababu ya pili ni tangazo. Zamani muuza dawa alikuja mnadani Soni au Bumbuli, ukamwona uso, ukajua kwao. Siku hizi aja kwa simu, usiku, nawe hujui yuko wapi. Humwambia mzee, "Baba, acha dawa za hospitali, tumia hii, utarudi kijana." Mzee huuza ndama, au hukopa kwa mwanawe aliye Dar es Salaam. Fedha kupotea ni hasara ya kwanza. Hasara kubwa zaidi ni yule anayeacha insulini. Mgonjwa ambaye mwili wake hautengenezi insulini akiiacha, hufa kwa siku chache.

Basi nawapa maswali matatu ya kumwuliza kila anayewaletea dawa ya ujana.

Swali la kwanza: Nimepungukiwa nini, na nani amepima? Kijana wa Toronto alipungukiwa insulini, na ikapimwa. Uzee peke yake si pengo la kitu kimoja.

Swali la pili: Imejaribiwa kwa watu wangapi, na walilinganishwa na nani? Akisema, "Mimi mwenyewe nimeitumia," mkumbukeni mzee wa Paris.

Swali la tatu: Nani ameisajili? Hapa Tanzania kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyopewa jina hilo mwaka 2019. Dawa isiyosajiliwa, huwezi kujua ndani ya chupa mna nini. Peleka jina lake kwa mfamasia au mganga mkuu wa zahanati, uulize kabla ya kulipa.

Akikosa jibu la swali lolote katika hayo, mwambieni kwa heshima, "Ahsante, nenda salama."

Na je, twawapa nini wazee wetu, ikiwa ujana haurudi? Twaweza kuwapa vingi. Tuwapime sukari na presha kabla hawajaanguka. Tuwapeleke kliniki siku ya kliniki, hata kama kuna viazi vya kuvuna. Tuwanunulie miwani. Tuwape chakula chenye maharage na mboga, maana mboga twazipanda wenyewe. Tuwaache watembee na kufanya kazi ndogo wanazoziweza, kwa sababu misuli isiyotumika hunyauka upesi. Hayo yote hayauzwi katika chupa, lakini faida yake imepimwa.

Wazee watakumbuka kampeni ya mwaka 1973 iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Somo la leo nalo latakiwa kufanywa vivyo hivyo. Redio ikinyamaza, kazi yenu ndipo inapoanza.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kimweri aliomba dawa ya ujana mwaka 1857. Kwa nini nguvu za mfalme zilikuwa jambo la watu wote wa Usambara?

2. Elezeni kwa maneno yenu wenyewe kwa nini kwinini humezwa na insulini hudungwa. Tumieni mfano wa ushanga.

3. Jaribio la watu 21 na jaribio la watu 17,604 yana tofauti gani? Zaidi ya idadi, tajeni tofauti nyingine mbili.

4. Jirani amekuletea dawa isiyo na jina la kiwanda, asema yarudisha ujana. Mmoja wenu awe jirani, mwingine awe mzee. Ulizaneni maswali matatu mbele ya darasa.

5. Kazi ya nyumbani: Kila mwanafunzi aandike mistari mitano juu ya mzee mmoja wa nyumbani kwake. Ana miaka mingapi? Amepimwa sukari na presha lini mara ya mwisho? Kama hajapimwa, andikeni siku mtakayompeleka.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasoma habari za soko la mboga na barabara ya Mombo hadi Lushoto. Mpaka hapo, nawaaga. Kwaherini.